Cheti cha SSL kimegoma kutoka: soma dalili kabla hujabonyeza tena

Umefungua paneli ya tovuti yako, ukaona kitufe kinachotoa cheti cha usalama bure, ukabonyeza. Baada ya dakika moja ikarudi alama nyekundu na sentensi ndefu ya Kiingereza. Ukabonyeza tena. Na tena. Tafadhali ishia hapo. Watoa vyeti huhesabu majaribio yaliyoshindikana, na kila ukibonyeza bila kurekebisha kitu unajiongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye tovuti kwenye seva anayoshirikiana na wateja wengine, anayetumia cPanel, DirectAdmin, Plesk au paneli ya aina hiyo, na asiye na ruhusa ya kuingia ndani kabisa ya seva. Ruhusa hiyo huihitaji. Karibu kila kosa la vyeti hivi linapatikana kwa swali moja, ila ili swali lenyewe likae sawa, ujue kwanza kinachotokea pale unapobonyeza.

Mtoa cheti hakujui. Hataki kitambulisho chako wala usajili wa kampuni yako. Anataka kujua jambo moja tu: je, domeni unayoiombea cheti unaitawala wewe? Basi paneli inaweka faili ndogo kwenye tovuti yako, ndani ya folda ya .well-known/acme-challenge, halafu mtoa cheti anakuja kutoka nje kama mgeni mwingine yeyote wa intaneti, kupitia poti 80 (mlango wa HTTP ya kawaida), anapiga hodi kwa jina la domeni na kuomba faili ile. Akiikuta kama ilivyotarajiwa, cheti kinatoka ndani ya muda mfupi sana. Asipoikuta, hakuna cheti, hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Ipo pia njia ya DNS (mfumo unaotafsiri jina la domeni kuwa anwani ya seva), ambapo badala ya faili inawekwa rekodi ya TXT yenye jina _acme-challenge, lakini paneli nyingi huanza na faili.

Kwa hiyo swali ni hili: mgeni alipopiga hodi, alifika kwa nani, na alijibiwa nini? Kila dalili iliyoandikwa hapa chini ni jibu mojawapo la swali hilo.

Kosa linasomwa wapi

Kwenye cPanel fungua ukurasa wa SSL/TLS Status. Kila jina lina mstari wake, na chini ya jina lenye shida kuna maelezo ya mara ya mwisho AutoSSL, sehemu ya cPanel inayoomba na kuhuisha vyeti yenyewe, ilipojaribu. Yasome mpaka mwisho. Ujumbe ninaokutana nao mara nyingi ni wa namna hii:

DNS DCV: No local authority: “mfano.example”; HTTP DCV: The system queried for a temporary file at “http://mfano.example/.well-known/pki-validation/…”, but the web server responded with the following error: 404 (Not Found).

DCV ni ule uhakiki kwamba domeni unaitawala wewe. Wengi wakiona maneno ya mwanzo wanakimbilia kuchokonoa DNS. Hapana. Sehemu ile ya kwanza inasema tu kwamba DNS ya domeni hii haiko kwenye seva hii, hivyo paneli haikuweza kutumia njia ya TXT. Kama DNS unaisimamia kwingine kwa makusudi, hilo si kosa hata kidogo. Kosa liko baada ya nuktamkato: faili ilitafutwa kwa njia ya kawaida, ikajibiwa 404, yaani haipo. Usishangae kuona pki-validation mahali pa acme-challenge. Jina la folda hutegemea mtoa cheti, kazi yake ni ile ile.

Plesk, kupitia kiendelezi chake cha SSL It!, huonyesha maelezo ya mtoa cheti moja kwa moja, na ndani yake kuna mstari unaoanza na urn:ietf:params:acme:error. Neno linalofuata ndilo dira yako. Likiwa dns, jina halikupatikana au DNS haikujibu. Likiwa connection, mgeni alifika mlangoni asifunguliwe. Likiwa unauthorized, alifunguliwa lakini akapewa kitu ambacho sicho. Likiwa caa, domeni yenyewe imemkataza mtoa cheti huyo. Likiwa rateLimited, umebonyeza kupita kiasi. Kwenye DirectAdmin maneno hayo hayo hutokea katika matokeo ya ukurasa wa SSL Certificates unapoomba cheti.

Kisha fanya jaribio la mkono, ambalo kwangu lina thamani kuliko zana nyingi. Ingia kwenye kidhibiti faili cha paneli, washa chaguo la kuonyesha faili fiche (bila hivyo folda inayoanza na nukta huioni), tengeneza public_html/.well-known/acme-challenge, na ndani yake weka faili iitwayo jaribio yenye neno moja, tuseme habari. Sasa chukua simu, zima Wi-Fi, tumia data, ufungue http://mfano.example/.well-known/acme-challenge/jaribio. Simu iwe kwenye data kwa sababu kompyuta yako huenda bado inakumbuka anwani ya zamani, au mtandao wako umeruhusiwa kwenye faiwoli wakati wa wengine haujaruhusiwa. Ukiona neno habari, njia ya faili iko wazi. Ukiona kitu kingine chochote, umeona alichokiona mgeni.

Dalili: jina halipatikani, au mgeni amefika nyumba nyingine

Ujumbe wa paneli huwa na maneno kama “does not resolve to any IP addresses on the internet”, au NXDOMAIN (jina halipo), au 404 wakati wewe unaiona faili vizuri kabisa.

Hali ya kwanza ni nyepesi: domeni imesajiliwa jana au imehamishwa leo, na rekodi bado hazijasambaa. Hapa dawa ni kusubiri. Angalia TTL, yaani muda ambao jibu la DNS hukumbukwa, iliyokuwa kwenye rekodi ya zamani. Ikiwa sekunde 86400, kuna seva za DNS zitakazoendelea kutoa jibu la zamani kwa siku nzima. Kubadilisha seva za majina zenyewe kunaweza kuchukua hadi siku mbili.

Hali ya pili ndiyo iliyowahi kunipotezea jioni nzima, na tangu siku ile ndiyo ya kwanza ninayoikagua. Tovuti ilikuwa imehamishwa. Rekodi ya A, inayotaja anwani ya IPv4 ya seva, ilikuwa sahihi, tovuti mpya ilifunguka kwenye kila kifaa nilichokuwa nacho, faili ya jaribio ilisomeka. Paneli ikazidi kusema 404. Mwishowe niliusoma ujumbe neno kwa neno, na pale mwanzoni kabisa, kabla ya maneno Invalid response from, palikuwa na anwani yenye nukta mbili nyingi, kitu kama 2001:db8:10::5. Hiyo ni anwani ya IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti, na seva mpya haikuwa na IPv6 kabisa. Nikauliza DNS:

dig +short A mfano.example
dig +short AAAA mfano.example

Amri ya pili ilirudisha ile ile 2001:db8:10::5. Aliyehamisha tovuti alibadilisha rekodi ya A akaisahau AAAA, ile ya IPv6, ikabaki inaelekeza kwenye seva ya zamani, na seva ile ilikuwa bado hai. Let's Encrypt, mtoa vyeti vya bure, ikikuta domeni ina anwani za aina zote mbili, inaanza na IPv6. Inarudi kwenye IPv4 pale tu muunganisho wa IPv6 unapokosa jibu kabisa. Seva ya zamani ilijibu, tena kwa adabu: faili hiyo sina. Mimi nyumbani nilikuwa kwenye IPv4 tupu, kwa hiyo nisingeliona tatizo hilo hata ningekesha. Nilifuta rekodi ya AAAA, nikasubiri TTL iishe, cheti kikatoka kwa jaribio la kwanza.

Basi tazama anwani iliyo ndani ya ujumbe wa kosa. Ifananishe na anwani ya seva inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa mbele wa paneli. Zisipolingana, acha kutafuta kwenye mafaili. Shida iko kwenye DNS. Angalia pia kama kuna rekodi mbili za A, moja mpya na moja ya zamani. Hapo cheti kinaweza kutoka leo na kukataa baada ya miezi miwili, kwa sababu mgeni huchaguliwa mojawapo.

Jibu likiwa SERVFAIL (DNS imeshindwa kujibu), mtuhumiwa wa kwanza ni DNSSEC, yaani saini zinazothibitisha majibu ya DNS. Ukihamisha DNS kwenda kwa msimamizi mwingine na kuacha rekodi ya DS ya zamani, inayotambulisha saini hizo, kwa msajili wa domeni, saini hazitalingana, na wanaozikagua, watoa vyeti wakiwemo, watakataa kila jibu. Ondoa DS kwa msajili, au weka mpya inayolingana.

Dalili: 403, 404 au ukurasa wa tovuti badala ya faili

Anwani ni sahihi, mgeni yuko nyumba inayotakiwa, ila ndani kuna anayemzuia. Mara nyingi ni .htaccess, faili ya kanuni za seva iliyo ndani ya folda ya tovuti.

WordPress, Laravel na ndugu zao huelekeza kila ombi kwenye index.php, lakini kwa kawaida hutanguliza sharti kwamba faili halisi ipewe nafasi yake kwanza, kwa hiyo peke yao hawaharibu. Wanaoharibu ni plagini za ulinzi, kurasa za “tovuti inatengenezwa”, nenosiri lililowekwa kwenye folda nzima, na kanuni za kuficha chochote kinachoanza na nukta. Kanuni kama hii ni ya kawaida sana:

RedirectMatch 404 /\..*$

Nia yake ni njema, inaficha .git na .env. Lakini .well-known nayo inaanza na nukta. Ibadilishe iwe hivi:

RedirectMatch 404 /\.(?!well-known)

Kama tatizo ni kanuni za RewriteRule, weka mstari huu juu kabisa, mara baada ya RewriteEngine On:

RewriteRule ^\.well-known/ - [L]

Mstari huo hauwezi kukuokoa na RedirectMatch. Hizo ni moduli mbili tofauti na kila moja hufanya kazi yake. Kama hujui nani mwenye kosa, badilisha jina la .htaccess kwa dakika mbili, rudia jaribio la simu, kisha lirudishe. Na kama folda ina nenosiri, liondoe mpaka cheti kitoke, halafu ukilirudisha iache .well-known nje yake, la sivyo utakutana na kosa lile lile siku ya kuhuisha.

Nimeulizwa mara nyingi kama kulazimisha HTTPS kunazuia cheti. Kwenyewe hakuzuii. Let's Encrypt hufuata maelekezo, hata ya kwenda HTTPS yenye cheti kilichoisha au kisichoaminika, mradi aelekezwe kwenye poti 80 au 443 na asizungushwe zaidi ya mara kumi. Kinachozuia ni kumpeleka kwenye jina jingine ambalo faili haipo, mfano domeni ya zamani inayorusha kila kitu kwenye ukurasa wa mbele wa domeni mpya. Pale anapokea ukurasa mzima wa HTML badala ya mstari mmoja, na ujumbe wa kosa utakuonyesha kipande cha <!DOCTYPE html>. Ukikiona kipande hicho, tafuta maelekezo. Usihangaike na DNS.

Dalili: muda umekwisha bila jibu

Maneno yatakuwa Timeout during connect, likely firewall problem, au connection refused. Poti 80 imefungwa, au iko wazi kwa baadhi tu ya watu.

Hilo la pili ndilo linalowachanganya wengi. Tangu Februari 2020 Let's Encrypt huhakiki kila ombi kutoka sehemu kadhaa za mtandao kwa pamoja, kusudi mtu aliyeteka njia moja ya intaneti asiweze kupata cheti cha domeni ya mwenzake. Kwa hiyo ukiwa umezuia nchi fulani, au umeruhusu nchi yako peke yake, baadhi ya wahakiki watakosa njia na ombi litaanguka, huku wewe unaiona tovuti bila shida. Ujumbe wake mara nyingi huwa na maneno secondary validation. Usitafute orodha ya anwani zao uziruhusu, kwa kuwa hawaitangazi na hubadilika. Ruhusu kila mtu kwenye njia ya /.well-known/acme-challenge/ tu, au tumia njia ya DNS. Kama faiwoli iko upande wa kampuni inayokuhifadhia tovuti, waandikie ukiwapa saa kamili ya jaribio na ujumbe wote. Tiketi inayosema “SSL haifanyi kazi” itazunguka siku tatu. Yenye ujumbe kamili hujibiwa na mtu anayejua.

Dalili: caa

Rekodi ya CAA ni mwenye domeni kutaja watoa vyeti anaowaruhusu, na tangu Septemba 2017 wote wanalazimika kuikagua. Isipokuwepo, yeyote anaruhusiwa. Ikiwepo na ikamtaja mwingine tu, wa kwako atakataa. Iongezee 0 issue "letsencrypt.org", au jina la mtoa cheti ambaye paneli yako inamtumia. Kumbuka kwamba domeni ndogo isiyo na CAA yake hufuata ya mzazi.

Dalili: umefungiwa kwa kubonyeza sana

Ukiona too many failed authorizations, Let's Encrypt imepokea majaribio matano yaliyoshindikana kwa jina moja ndani ya saa moja kutoka kwenye akaunti hiyo. Subiri saa ipite, na kabla hujajaribu tena hakikisha jaribio la simu limefaulu.

Ukiona too many certificates already issued for this exact set, hali ni nzito zaidi. Inamaanisha vyeti vitano vya orodha ile ile ya majina vimeshatoka ndani ya siku 7. Hapa cheti hakikugoma. Kilitoka mara tano, na kila mara kuna kilichokifuta, au kivinjari kilionyesha kosa jingine ukadhani hakikutoka. Kufuta cheti au kukibatilisha hakurudishi hesabu nyuma. Fungua crt.sh, andika domeni yako, utaviona vyote na tarehe zake, maana kila cheti kinachotolewa hadharani huandikwa kwenye daftari za wazi. Halafu angalia kwenye paneli kama kimojawapo bado kipo, kwenye orodha ya vyeti vilivyohifadhiwa, ukisakinishe. Kisipokuwepo, kuongeza au kupunguza jina moja, kwa mfano kuongeza domeni ndogo, hufanya orodha kuwa mpya, na ombi linapita.

Dalili: jina moja limepata, jingine limekosa

https://mfano.example inafunguka, https://www.mfano.example inatoa NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID. Kwa kivinjari hayo ni majina mawili tofauti, na kila moja lazima liandikwe ndani ya cheti. Mara nyingi www haina rekodi ya DNS, au ina rekodi inayokwenda kwingine. Irekebishe, kisha endesha tena.

cPanel nayo hujitengenezea majina ya ziada: mail, webmail, cpanel, webdisk, autodiscover na wenzao. DNS yako ikiwa kwingine, majina haya hayapo, na ukurasa wa SSL/TLS Status utajaa wekundu. Usiogope. Yanayofaulu hupewa cheti bila kuyasubiri hayo. Yateue yale usiyoyatumia ubonyeze kuyaondoa kwenye AutoSSL, ili kosa la kweli likija ulione.

Cheti cha nyota, yaani *.mfano.example, hutolewa na Let's Encrypt tangu Machi 2018, lakini kwa njia ya DNS peke yake. Paneli isiyosimamia DNS yako haitaweza kukihuisha yenyewe. Tena nyota hufunika ngazi moja tu: haifuniki mfano.example lenyewe, wala a.b.mfano.example. Ukiwa na domeni ndogo tatu au nne, mimi ningeziorodhesha kwenye cheti cha kawaida niachane na nyota.

Dalili: paneli inasema sawa, kivinjari kinakataa

Kwanza thibitisha ni cheti kipi kinachotolewa kweli. Bonyeza alama iliyo kando ya anwani kwenye kivinjari usome mtoaji, majina na tarehe, au kama una terminali:

openssl s_client -connect mfano.example:443 -servername mfano.example

Ukiona cheti cha jina jingine kabisa, ama uko kwenye seva isiyo yako, ama seva haijapakia mipangilio mipya. Ipe dakika chache. Ukiona kimejitia saini chenyewe, hicho ndicho cha muda kilichowekwa na paneli, na cha kweli hakijasakinishwa.

Kama kompyuta inakubali lakini baadhi ya simu na programu zinakataa, mnyororo haujakamilika. Cheti chako kimetiwa saini na cheti cha kati, na hicho cha kati kimetiwa saini na mzizi unaoaminika. Baadhi ya vivinjari hujitafutia kipande cha kati kilichokosekana. Programu nyingine nyingi, curl ikiwemo, hazifanyi hivyo. Hili huwapata hasa wanaobandika cheti kwa mkono na kuacha tupu kisanduku cha CABUNDLE, ambacho ndimo cheti cha kati huwekwa. Kwenye simu kuukuu za Android, zile zilizo chini ya toleo la 7.1.1, kuna sababu nyingine: hazina mzizi wa ISRG Root X1 kwenye orodha yao, na hilo hulirekebishi ukiwa upande wa seva.

Kivinjari kikisema ERR_TOO_MANY_REDIRECTS, uliza kama tovuti iko nyuma ya Cloudflare au proksi nyingine, yaani huduma inayosimama kati ya mgeni na seva yako. Katika hali yake ya Flexible, Cloudflare huongea HTTPS na mgeni lakini HTTP na seva yako. Seva inaona HTTP, inaamuru uende HTTPS; Cloudflare inarudi tena kwa HTTP; mzunguko hauishi. Wengi huzima kulazimisha HTTPS kwenye seva, tovuti inafunguka, wanaridhika. Naomba usiishie hapo. Nusu ya safari bado iko uchi, na mgeni wako anaandika nenosiri akiamini amelindwa. Pata cheti kwenye seva yenyewe, kisha kwenye Cloudflare weka Full (strict), hali inayotumia HTTPS na kukagua cheti cha seva yako. Uelewe pia kwamba ukiwa nyuma ya proksi, cheti anachokiona mgeni ni cha proksi. Cha seva yako kinaweza kuisha bila mtu kujua, mpaka siku ukurasa utakapoleta kosa la 526, la Cloudflare kukataa cheti cha seva.

Tatizo jingine ni ukurasa kufunguka bila ulinzi kamili: picha hazionekani, fomu haifanyi kazi, au kivinjari kinaonya. Huo ni mchanganyiko. Ukurasa umekuja kwa HTTPS, ila ndani yake kuna picha, fonti au skripti zinazoitwa kwa http://. Bonyeza F12, fungua Console, tafuta mistari yenye Mixed Content. Kila mmoja unataja faili yenye kosa kwa anwani kamili. Kwenye WordPress anza na anwani mbili zilizo kwenye mipangilio ya jumla. Zilizozama ndani ya makala zinabadilishwa kwenye hifadhidata, ila usizibadilishe kwa SQL ya mkono: WordPress huhifadhi baadhi ya data pamoja na idadi ya herufi zake, na ukiongeza ile s moja hesabu inavunjika na mipangilio ya mandhari inapotea. Chukua nakala rudufu, halafu utumie plagini inayojua jambo hilo au amri hii ya WP-CLI, zana ya WordPress ya terminali:

wp search-replace 'http://mfano.example' 'https://mfano.example' --dry-run

Ukiridhika na idadi inayoonyeshwa, ondoa --dry-run uiendeshe.

Dalili: kilifanya kazi miezi mitatu, leo kimeisha

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hutokea kwa mtu aliyekwisha kusahau habari za vyeti, na tovuti yake inafungwa mbele ya wateja wake. Vyeti vya Let's Encrypt vimekuwa vya siku 90 tangu huduma ilipofunguliwa kwa umma Desemba 2015, na vinatakiwa kuhuishwa zikiwa zimebaki kama siku 30. Paneli hufanya hivyo kimya kimya, ikirudia kila siku. Kikiisha, maana yake imekuwa ikishindwa kwa muda mrefu bila mtu kusoma. Na tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kukumbusha. Ukaguzi ni ule ule wa mwanzo: ni kitu gani kilibadilika tangu kilipotoka? DNS ilihamishwa? Plagini ya ulinzi iliwekwa? Rekodi ya AAAA iliongezwa?

Kuna sababu moja ya pekee. Kama cheti cha mwanzo ulikipata kwenye tovuti ya kutoa vyeti kwa fomu, ukakibandika kwa mkono, paneli inakihesabu kuwa chako binafsi. AutoSSL inaweza kukiacha kiishe bila kukigusa, kulingana na mpangilio wa msimamizi wa seva. Kifute kwenye ukurasa wa SSL/TLS, kisha uendeshe AutoSSL. Kubandika kwa mkono hakuna mustakabali hata kwa vyeti vya kununua: ukomo wa muda wa vyeti vyote vya hadharani umepangwa kushuka hadi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 mwaka unaofuata, na siku 47 ifikapo tarehe 15 Machi 2029.

Kama kivinjari hakikupi hata nafasi ya kupita licha ya onyo, tovuti ilishatuma HSTS, na kivinjari kimeagizwa kutokubali HTTP kwa muda uliotajwa, mara nyingi sekunde 31536000, yaani mwaka mzima. Hakuna njia ya mkato kwa wageni wako. Ni kurudisha cheti. Ndiyo maana nashauri uanze HSTS na sekunde 300, uone cheti kimejihuisha angalau mara moja, ndipo uongeze. Na ikiwa onyo la tarehe linatokea kwenye kifaa kimoja tu, tazama saa na tarehe ya kifaa hicho kabla ya kugusa seva.

Dalili: tovuti ni sawa, barua pepe inalalamika

Programu ya barua pepe inasema cheti hakilingani na jina. Umeweka mail.mfano.example, na jina hilo halimo ndani ya cheti, au seva ya barua inatoa cheti chenye jina la seva yenyewe. Endesha AutoSSL mail ikiwemo, na rekodi yake ya DNS ielekee kwenye seva hii bila kupita kwenye proksi. Ukishindwa, tumia jina la seva ambalo kampuni imekuandikia kwenye mipangilio ya barua, kwa poti 993 na 465. Usikubali kubonyeza “amini cheti hiki daima”. Siku mtu mwingine atakapojiweka katikati, programu haitakuonya.